Sangara Asiye na Kichwa

Kuna ushauri ambao kila anayekwenda kusoma ng'ambo hupewa, na anayeutoa huamini ametoa hekima: ukitaka kuujua mji, nenda sokoni ule wanachokula wenyeji. Insha nyingi zimejengwa juu yake. Mwandishi anashuka kwenye treni, anaonja kitu chenye harufu ngeni, muuzaji anatabasamu, na kufikia aya ya mwisho mji mzima umeshaeleweka. Mimi naupinga. Soko halimfundishi mtu mji kwa kumshibisha tu. Linamfundisha yule anayeuliza chakula kimefikaje mezani, na nani amebaki bila.

Nasoma shahada ya uzamili Den Haag, Uholanzi. Nilikotoka ni Kisesa, wilaya ya Magu, kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Den Haag ina soko kubwa la wazi, Haagse Markt, lililopo mahali pale tangu 1938, kati ya mitaa ya Transvaal na Schilderswijk. Siku zake ni nne: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Utakuta mihogo, bamia, ndizi za kupika na pilipili za kila rangi. Wanafunzi wenzangu husema kwamba hapo ni dunia nzima katika mtaa mmoja, na wakishasema hivyo huona wamemaliza.

Hawajaanza. Chukua roti ya Kisuriname, ambayo kila mgeni wa Den Haag huambiwa asiondoke bila kuila. Uholanzi ilikomesha utumwa Suriname mwaka 1863. Mashamba yakahitaji mikono mingine, na mwaka 1873 meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba kutoka India ikafika huko. Suriname ilipopata uhuru mwaka 1975, watu wengi walihamia Uholanzi, na wengi wa wale wenye asili ya India wakafanya Den Haag kuwa kwao. Hiyo ndiyo njia ya roti: shamba la miwa, mkataba, meli, na familia zilizohama mara mbili. Ukiila ukaandika kwamba ni tamu na kwamba tamaduni zinakutana, umeonja mchuzi. Mji bado hujaujua.

Kwenye meza za samaki nilikuta kitu ninachokijua. Juu ya barafu kulikuwa na minofu myeupe, minene, imepangwa kama matofali. Jina lililoandikwa ni victoriabaars. Chini yake kibandiko kilitaja jina la kisayansi, Lates niloticus, na nchi: Tanzania. Alikuwa sangara. Wadachi wamempa jina la ziwa, na ziwa lilipewa jina la malkia na John Speke, Mwingereza aliyefika upande wa Mwanza mwaka 1858. Kwa hiyo samaki wetu anauzwa kwa jina la mwanamke ambaye hakuwahi kuliona ziwa lenyewe, na mvuvi hatajwi popote.

Jioni nilimpigia mama mkubwa, ambaye kwa miaka mingi aliuza mapanki.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huko mnakula nini?"

"Leo nimeona sangara sokoni."

"Wa huku?"

"Wa huku huku."

"Ana kichwa?"

"Hana. Wala mifupa. Ni mnofu mtupu."

Akacheka. "Basi hamjamwona. Sisi ndio tuna vichwa."

Kwa wasiotoka kanda ya ziwa, mapanki ni mabaki ya sangara baada ya kiwanda kuchukua minofu: kichwa, mifupa ya mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyoshikilia humo. Hukaushwa au hukaangwa, kisha huuzwa kwa watu ambao bei ya samaki mzima imewashinda. Mabondo nayo yana soko lake, China, na bei yake haimhusu mlaji wa Kisesa. Hata dagaa, kimbilio la mwenye kipato kidogo, sasa hugombewa na viwanda vya chakula cha kuku. Samaki amegawanywa vizuri sana, na kila fungu lina mnunuzi wake. Anayeishi kando ya ziwa ndiye anayepewa fungu lililokosa mnunuzi.

Na sangara mwenyewe ni mgeni. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kabla yake kulikuwa na furu, samaki wadogo wa mamia ya aina, waliovuliwa na kuliwa na watu wa pwani ya ziwa. Katika miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka. Sangara aliwala, na kuchafuka kwa maji kukaongeza balaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa kwenye ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, wakawakusanya na kuwapa majina. Sampuli zao zimehifadhiwa Leiden, mwendo mfupi wa treni kutoka ninapoishi. Ndiyo kusema Uholanzi ina samaki wetu wa aina mbili: mmoja yuko juu ya barafu, mwingine yuko kwenye chupa. Insha ya chakula itamwona wa kwanza tu.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema biashara ya sangara imeleta ajira na fedha za kigeni. Ni kweli, sibishi. Mwanza ilipanuka kwa sababu ya viwanda vya minofu, na Ulaya ilipofungia samaki wa ziwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi na vibarua ndio walioumia. Lakini ajira haijibu swali la nani anakula nini. Mtu anaweza kulipwa kwa kukata minofu mchana kutwa, na jioni akapita kununua mapanki.

Wa pili atasema tumeyasikia hayo katika filamu ya Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004. Filamu ile iliwaudhi wengi nyumbani, akiwemo Rais Kikwete, na mabishano yakawa juu ya ndege na silaha. Swali la sahani likapotea katikati ya kelele. Halihitaji silaha ili liwe zito.

Wa tatu atasema: mwanafunzi kafika juzi tu, amepata wapi haki ya kuwahoji wenyeji kuhusu chakula chao? Nimeipata Kisesa. Kata yetu imekuwa eneo la utafiti wa VVU tangu 1994. Watu huja na madodoso, nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani anaishi hapa, nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Tumejibu, na kazi ile imesaidia mengi kujulikana. Kama sisi tumezoea kufungua mlango na kuhesabiwa, muuzaji na mnunuzi wa Den Haag hawatadhurika wakiulizwa samaki huyu ametoka kwa nani.

Kwa hiyo naomba tuache kuandika miji kwa ulimi peke yake, hasa sisi tunaotoka kule chakula kinakotoka. Mzungu akiandika kwamba victoriabaars ni laini na hana miba, labda hajui miba imebaki wapi. Sisi tunajua. Mtu wa Mwanza akiiga insha ile ile, akasifia mnofu kwa maneno ya mgeni, amekubali kusahau kwa hiari. Kula, ndugu yangu. Hakuna anayekukataza, na baridi ya huku inataka tumbo lenye kitu. Ila ukikaa kuandika, andika na jina la aliyepandikiza, la aliyevua, la aliyekata, la aliyebandika bei, na la yule ambaye bei ilimshinda. Andika kichwa kiko wapi.