Walinikaribisha, Lakini Hawakunihesabu. Na Mimi Nasema Asante

Leo nitawakosea wengi, kwa hivyo keti kwanza.

Ni miezi minane sasa tangu nianze kuomba na Wayahudi. Si Wayahudi wa filamu. Ni Wakenya kama wewe: wakulima wa viazi, mwalimu mmoja, mama wa duka na watoto wao, wanaokutana kwenye nyumba ya mbao na mabati huko juu kwenye baridi. Ijumaa mchana mimi hupanda matatu mapema, maana jua likishatua Sabato imeingia na hakuna mambo ya safari tena. Nalala kwa Shosho mmoja ambaye hanijui kwa damu wala kwa ukoo. Sitataja kijiji. Hawajaniomba niwatangaze, na anayekumbuka Kikambala, Novemba 2002, anajua kwa nini watu hawa hawapendi kupigwa picha ovyo.

Tangu niseme hilo hapa nimeitwa majina matatu: msaliti, mtafuta viza, na Myahudi feki. Hayo nimezoea. Kilichonichoma ni ujumbe wa rafiki yangu wa karibu, na alikuwa na nia njema kabisa. Aliniuliza, "Kama hao watu wanakupenda hivyo, mbona hawajakufanya mmoja wao? Kwetu ungebatizwa wiki ya kwanza."

Hebu nijibu hapa, mara moja, tusirudiane.

Kuna Jumamosi moja tulikuwa watu wazima kumi chumbani. Mzee mmoja, ambaye sote tunamwita Guka, alikuwa na kumbukumbu ya mwaka ya kifo cha mama yake. Siku kama hiyo Myahudi husimama na kusema Kadishi, maombi ya Kiaramu ambayo ajabu yake ni kwamba hayataji kifo hata mara moja. Yanamsifu Mungu tu, mwanzo hadi mwisho. Lakini Kadishi haisemwi peke yako. Lazima wawepo Wayahudi kumi waliokomaa. Wakiwa tisa, hakuna Kadishi.

Tulikuwa kumi. Wao tisa, na mimi.

Usiniambie ni kwa sababu mimi ni mwanamke. Pale wanawake wanahesabiwa, ingawa najua kuna masinagogi mengine yanayohesabu wanaume pekee. Sikuhesabiwa kwa sababu mimi bado si Myahudi. Basi. Kijana akatumwa kwa miguu kumwita mzee mwingine, maana simu haziguswi siku hiyo. Akarudi akasema mzee ana homa. Tukangoja. Dakika thelathini hivi, watu wametulia kwa benchi, mvua inapiga mabati. Halafu wakaendelea na maombi bila Kadishi. Guka akakunja shali lake lenye vishada, akakaa chini.

Nikatoka nje nikalia. Nilijiambia, hawa ni wabaguzi kama wengine tu. Kichwa changu kinatosha kabisa kuwa cha kumi. Nani angejua?

Guka akanifuata nje na kikombe cha chai. Chai yenyewe ilitoka kwenye thamosi iliyojazwa Ijumaa, kwa sababu Sabato hawawashi moto. Akaniambia, "Mwanangu, ningekuhesabu leo ningekuwa nimekudanganya wewe, na nimemdanganya mama yangu pia." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nitakula nao mchana. Nikala nao.

Sasa, rafiki yangu, hapo ndipo nilielewa kitu ambacho sikuwa nimefundishwa popote. Huyu mzee alinihitaji. Alinihitaji vibaya sana, kwa jambo la mama yake, na bado hakunitumia.

Linganisha na kule nilikotoka. Sitataja kanisa, na nitakuwa mkweli: baba yangu alipofariki walichanga, walipika, walimzika vizuri, na deni hilo silisahau. Lakini Jumapili yangu ya kwanza niliambiwa nisimame pamoja na wageni wengine, tukapigiwa makofi, tukaitwa "familia". Kufikia Jumatano nilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp na namba ya paybill. Mwaka wa tatu nikaugua, nikakosa wiki sita mfululizo. Hakuna aliyepiga simu. Ujumbe pekee nilioupata ulikuwa wa kunikumbusha ahadi yangu ya ujenzi. Nilikuwa familia kwa hesabu ya sadaka. Kwa hesabu ya watu sikuwepo.

Na kule kwa mabati? Sabato yangu ya kwanza nilitoa simu niulize sadaka inatumwa namba gani. Shosho akanishika mkono taratibu, akairudisha simu kwenye mkoba. Siku hiyo hela haziguswi. Walinilisha, wakanipa blanketi, na hakuna aliyeniuliza nitarudi lini. Hakuna hata aliyeniambia nijiunge. Nilipouliza mwenyewe, jibu lilikuwa: "Kwa nini unataka? Unaweza kumcha Mungu vizuri bila kuwa Myahudi." Sheria yao inafundisha hivyo kweli, kwamba asiye Myahudi ana amri saba tangu enzi za Nuhu, na hizo zinamtosha. Na anayekuja kuomba kuingia huulizwa kwanza kama anajua ni taifa lililoteswa kiasi gani. Wanaanza kwa kukuonyesha ubaya wa biashara. Nionyeshe mhubiri wa mjini anayefanya hivyo.

Kuna wale mtasema, "Lakini huo si ukaribisho, ni mlango umefungwa." Hapana. Mlango uko wazi, ila una ngazi. Unasoma, unaishi nao, unapitia mzunguko wa sikukuu zao, unaenda mbele ya baraza la watu watatu, wanaume wanatahiriwa, kisha unazama majini. Hakuna hatua hata moja inayouliza kabila lako. Ruthu alikuwa Mmoabi, na Biblia zenu zinasema wazi kwamba Daudi ni kitukuu chake. Mbona mnasoma kitabu hicho kila mwaka mkiimba upendo wa mkwe, halafu mnaniambia mwanamke wa Nyeri hawezi?

Tena sisi tunajua ngazi. Hakuna kijana anayebisha hodi kwa wazazi wa msichana siku ya kwanza akaitisha kuitwa mkwe. Kuna kujitambulisha, kuna wazee kukaa, kuna ruracio. Hatusemi ni ubaguzi, tunasema ni heshima. Ila tukifika kwa Mungu tunataka kila kitu papo hapo, kama kununua bando.

Na msidhani hii ngazi imetengenezwa kwa ajili yetu Waafrika. Angalieni majirani zetu hapo Mbale. Semei Kakungulu alianza kufuata Uyahudi mwaka 1919, kwa kusoma Biblia mwenyewe. Watu wake, Abayudaya, waliendelea. Idi Amin akawapiga marufuku, wengi wakaacha, waliobaki wakaomba kwa siri. Mwaka 2002, baada ya zaidi ya miaka 80 ya kushika Sabato, mamia yao walisimama mbele ya marabi na kuingia majini. Wangeweza kusema, "Mtatufundisha nini sisi?" Walipanda ngazi. Mwaka 2008 kijana wao, Gershom Sizomu, akawekwa kuwa rabi baada ya kusomea Marekani. Na hata hivyo, kuna Wayahudi wa Othodoksi ambao hawatambui uongofu wao mpaka leo. Hiyo inaniuma, na sitaipaka rangi. Ngazi inaweza kutumiwa vibaya, ikawa ukuta. Nasema tu kwamba ile niliyoiona mimi haikuwa ukuta.

Kwa wale wa "unatafuta viza": Desemba 2017 Mkenya mmoja wa jamii ndogo ya Kiyahudi ya nchi hii alifika uwanja wa ndege wa Israeli kwenda kusoma dini, viza mkononi, na akarudishwa. Kwa hivyo kama ningekuwa natafuta ndege, hii ndiyo njia mbovu kuliko zote. Pia kuomba na Guka hakunifanyi msemaji wa serikali yoyote. Yeye shida yake ni bei ya mbolea.

Kwa wale wa "dini ya wageni": Uingereza ilipotoa ardhi ya Uasin Gishu kwa Wayahudi mwaka 1903, wenyewe walituma watu kuikagua, wakaikataa mwaka 1905. Lakini wachache walikuja kuishi, na jiwe la msingi la sinagogi la Nairobi liliwekwa mwaka 1912. Makanisa mengi mnayoyaita ya nyumbani hayajafikisha nusu ya umri huo.

Ila nyinyi ninaotaka kuwaambia zaidi ni mnaopenda Israeli ya mapambo. Mnapiga baragumu la pembe kwenye krusedi, mnajifunga shali la vishada, mnauza mafuta ya Yerusalemu, mnapeperusha bendera kwenye gari. Halafu Mkenya mwenzenu akienda kukaa na Wayahudi wenyewe, akala chakula chao, akajifunza kungoja, mnamwita msaliti. Mnavitaka vitu vya watu, watu wenyewe hamwataki. Mimi nimeamua kuanza na watu. Vitu vitanifikia siku yake, au visinifikie kabisa, sawa tu.

Mama yangu bado hajakubali. Aliniuliza juzi, "Hao watu wanakupa nini?" Nikamwambia wananipa chai ya thamosi na ukweli. Akacheka, kisha akasema ataniombea. Nikamwambia aombe.

Guka atakuwa na kumbukumbu ya mama yake tena mwaka ujao. Herufi za Kiebrania ni 22, na mimi nazisoma polepole, kidole kwenye karatasi, kama mtoto wa darasa la pili. Sijui kama nitakuwa tayari kufikia siku hiyo, na hakuna anayenikimbiza. Lakini Ijumaa hii nitakuwa kwa matatu, sweta mbili, nikiomba jua lichelewe kidogo.