Kilemba cha Babu Kimo Sandukuni



Hivi karibuni, katika msikiti wetu huku Temeke, tulikaa na daftari la ndoa tangu Alasiri tukimngojea bwana harusi. Walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, mahari ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni kilemba. Kile cha kukodi, kilichoshonwa kikawa cha kuvaa tu kama kofia, kilikuwa bado kichwani mwa bwana harusi mwingine huko Kinondoni. Ndoa ikafungwa Magharibi ikikaribia.

Baadaye tukapata habari kwamba nyumbani kwa kijana huyo kilikuwepo kilemba cha marehemu babu yake, kimekunjwa sandukuni. Hapakuwa na mtu aliyejua kukifunga. Nasi hatuwezi kujitoa katika lawama. Tulisomeshwa chuoni kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia Makka siku ya ufunguzi, mwaka wa 8 Hijria, akiwa amevaa kilemba cheusi, kama alivyosimulia Jabir (r.a.) katika Sahihi Muslim. Lakini lau tungeletewa kitambaa kile, tusingejua pa kuanzia.

Tukamwendea mzee mmoja wa safu ya kwanza. Akatuambia, "Mwanangu, lete kitambaa. Haya si mambo ya kusimuliwa."

Kitambaa cha mraba hukunjwa pembe kwa pembe kiwe pembetatu. Ukingo mrefu hukunjwa mara mbili tatu uwe kama mshipi, ukawekwa juu ya paji la uso, pembe ya katikati ikiangukia kisogoni. Ncha mbili hupelekwa nyuma, zikapishana juu ya pembe ile, zikarudishwa mbele, na mwisho huchomekwa ndani ya mikunjo. Jioni ya kwanza kilitulegea kabla hatujafika mlangoni. Ya pili tulikikaza mno, kichwa kikatuuma. Ilipofika ya tano, mkono ukawa umezoea.

Tusieleweke vibaya. Kilemba si nguzo ya ndoa. Nguzo, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu, ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Kanzu safi na kofia vyatosha, wala kijana asiingie katika deni kwa ajili ya joho la kukodi. Lakini aliyeachiwa kilemba na babu yake, kwa nini akodi cha dukani na kumweka walii akingoja?

Wazee wetu waliita kilemba pia ile zawadi apewayo mwalimu mwanafunzi anapohitimu. Tulipompelekea mzee wetu kilemba chake, alikirudisha. "Kilemba changu," alisema, "ni wewe kumfundisha mwingine."

Basi vijana wenye harusi zilizo karibu, fungueni masanduku. Kila Alhamisi baada ya Isha tupo barazani, pamoja na mzee wetu. Njooni na kitambaa.

Wabillahi tawfiq.