Wali wa 2,000 Ulipwe 2,000: Tuache Kutuma, Tujifunze Kulipa

"Weka na ya kutolea." Kama umekaa chuoni hapa hata wiki mbili, maneno hayo umeshayasikia. Umekula wali maharage wa 2,000, umeuliza kama unaweza kulipa kwa simu, na jibu limekuja: "Tuma kwenye namba hii, ila weka na ya kutolea." Unatuma 2,300, meseji inaingia, unaondoka. Ukiisoma ile meseji vizuri unakuta na makato ya kutuma juu yake. Wali wa 2,000 umeshakuwa wali wa bei nyingine, na ukiuliza nani kapandisha bei, hakuna.

Wanachuo wenzangu, mimi nasema hivi: tunachofanya pale si kulipa. Ni kutuma hela. Ni vitu viwili tofauti, vina menyu tofauti kwenye simu na vina viwango tofauti vya makato. Tumevichanganya mpaka tumeona kawaida, na gharama ya kuvichanganya inabebwa na yule mwenye hela ndogo kuliko wote.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa, kwa hiyo mniruhusu nianze na hesabu ya ubaoni. Fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Tuseme unakula mara mbili kwa siku kwa mama ntilie, na kila mara unaongeza 300 ya kutolea. Hiyo ni 600 kwa siku, yaani asilimia 6 ya bumu lako. Kwa wiki ni 4,200. Kwa muhula wa wiki 15 ni 63,000. Hizo ni zaidi ya siku sita za kula na kulala, zimekwenda na hukupata hata kijiko cha mchuzi wa ziada. Na hapo sijagusa makato ya kutuma, wala soda ya kwa Mangi, wala kurasa za kuprinti steshenari.

Sasa tujiulize haya mazoea yametoka wapi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia kwetu 2008, halafu mitandao mingine ikaja na huduma zake. Kilichowavutia watu mwanzoni ni kutuma hela nyumbani. Mtoto yuko Dar, mama yuko Kasulu. Mama akipokea lazima aende kwa wakala, wakala akate, ndipo apewe noti. Hapo ndipo ilipozaliwa adabu yetu ya kuweka na ya kutolea. Ni adabu nzuri kabisa. Mtu anayemtumia bibi yake 20,000 kavu bila ya kutolea tunamwona hajalelewa.

Ila adabu hiyo ni ya nyumbani. Bibi unampa. Mwenye kibanda anakuuzia, na amepanga bei yake akijua gharama zake za mkaa, mchele, kodi ya fremu na mshahara wa binti wa kuosha vyombo. Gharama ya kupokea hela nayo ni gharama ya biashara, sawa na ya mfuko wa kubebea. Hakuna duka linalokwambia "weka na ya umeme" ukinunua maji ya baridi.

Na njia ya kulipa ipo. Ni lipa namba, ile yenye tarakimu zake, inayobandikwa ukutani au kwenye kioo cha duka. Unaingia kwenye menyu, unachagua kulipa badala ya kutuma, unaweka namba na kiasi, jina la biashara linatokea, unahakikisha, unaweka namba ya siri, kwisha. Huhitaji simu kubwa. Kitochi cha batani kinatosha, na huhitaji bando, kwa sababu *150*00# na ndugu zake hazitumii intaneti. Mwenye simu janja anaweza kuskani ile alama ya miraba myeusi na myeupe. Benki Kuu imeweka hata kiwango kimoja cha taifa, TANQR, ili alama moja ipokee kutoka mitandao na benki tofauti. Wenzetu wa nchi nyingine wanagusisha simu kwenye mashine na kuondoka. Sisi tunabonyeza tarakimu, na kwa sahani ya wali tarakimu zinatosha.

Basi kwa nini mama hataki lipa namba? Hapa naomba tuwe waungwana, maana ni rahisi kukaa kantini na kusema wafanyabiashara ni wezi. Mama mmoja anayetuuzia chakula nje ya geti nilimuuliza, akanijibu bila kunificha. "Mwanangu, wewe unanilipa kwenye simu. Mimi kesho saa kumi na moja niko sokoni. Mwenye nyanya anataka noti. Mwenye mkaa anataka noti. Bodaboda naye anataka noti. Sasa hiyo hela yako ya kwenye simu nitaipikia?" Mwisho wa yote anakwenda kwa wakala, anatoa, anakatwa. Ya kutolea anayokuomba ni ya kweli, hajaitunga.

Sababu ya pili haisemwi kwa sauti. Wauzaji wengi, kama sisi wenyewe, wana mikopo midogo ya kwenye laini. Hela ikiingia tu, deni linajikata. Ndiyo maana unaombwa utume kwenye namba yenye jina la mdogo wake au la mtoto wake. Sababu ya tatu ni hofu ya kodi: wengi wanaamini kwamba ukishakuwa na lipa namba, kila shilingi yako inaonekana, na kesho ofisa yuko mlangoni.

Sababu zote tatu nazielewa. Lakini tuangalie mama anapoteza nini. Hela ya chakula ikiingia kwenye laini ya mtoto, imechanganyika na vocha, nauli na michango ya harusi. Jioni hajui ameuza kiasi gani. Siku akitaka mkopo wa kununua friji, hana karatasi ya kumwonesha mtu yeyote kwamba biashara yake inazunguka. Lipa namba inamtengenezea daftari bila yeye kushika kalamu. Tukifika mwaka wa pili sisi wa ualimu tunafundishwa kutunza kumbukumbu za mwanafunzi, kwa sababu usichokiandika huwezi kukitetea. Biashara nayo ni hivyohivyo.

Halafu kuna suala la meseji feki. Hili tuliseme sisi wenyewe kwa sababu wanaofanya ni wenzetu. Mtu anakula, anaonesha meseji ya muamala wa jana au skrinishoti aliyoichezea, anaondoka. Mama amejaa wateja, hana muda wa kusoma tarehe. Jioni anakuta pungufu la sahani nne, na kesho yake anakataa simu kabisa kwa wote. Mwizi mmoja wa sahani ya 2,000 anatufungia njia mia tatu. Dawa yake ni ndogo: muuzaji asisome simu ya mteja hata siku moja, asome yake. Na namba ikiwa ya biashara, simu yake inakuwa palepale kaunta, haiko kwa mtoto aliyepo shuleni.

Kuna watakaosema, "Si utembee na noti tu, kelele za nini?" Noti nazipenda. Lakini noti nayo ina makato yake. Ukitoa kwa wakala umeshakatwa. Ukiacha chumbani, hosteli zetu tunazijua. Ukienda nayo dukani, unadai chenji ya 100, unaambiwa "chukua pipi." Pipi hizo ukijaribu kununulia chapati hazikubaliki. Kulipa kwa simu kunamaliza habari ya pipi: bei ni 1,850, unalipa 1,850.

Wengine wanakwenda upande wa pili kabisa. Nimesikia hoja kwenye mijadala ya bwenini kwamba kantini zote za chuo ziache kupokea noti, kila mtu alipe kwa simu, foleni ziishe. Hilo napinga. Siku mtandao ukiyumba saa saba mchana, wanafunzi mia nne watakula nini? Yule ambaye simu imezima na umeme umekatika bloku nzima? Yule ambaye simu yake imeibwa na laini hajairudisha? Yule mwenye deni la kwenye laini, ambaye akiweka 5,000 tu inamezwa yote? Huyo wa mwisho ndiye mwenye njaa zaidi. Noti na sarafu za Benki Kuu ni fedha halali katika nchi hii, na mtu mwenye njaa aliyeshika fedha halali hapaswi kurudishwa.

Kuhusu makato yenyewe, tusidanganyike kwamba ni kama mvua, yanashuka tu. Ni maamuzi ya watu. Machi 2020, wakati wa Korona, Kenya iliondoa ada za miamala ya simu isiyozidi shilingi 1,000 za kwao ili watu wapunguze kushikana noti, na utaratibu huo ukaenda mpaka mwisho wa mwaka. Kwetu, 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika, wengi wakarudi kwenye noti, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikapunguzwa tena. Kilichowekwa kwa uamuzi kinaweza kuondolewa kwa uamuzi, mradi wanaoumia waseme.

Kwenye bajeti ya 2025/26 Serikali ilikuja na punguzo la VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia za kielektroniki. Nia ni nzuri. Lakini VAT inatozwa na biashara zilizosajiliwa kwa kodi hiyo, na kibanda cha wali hakimo. Kwa hiyo anayenunua kwenye supamaketi kubwa anapunguziwa kwa kulipa kielektroniki, na anayekula kibandani anaongezewa 300 kwa kufanya jambo lilelile. Mwenye nacho analipwa kwa kutumia simu, asiye nacho anatozwa. Hapo ndipo mimi naona tatizo limetoka kuwa la 300 na kuwa la haki.

Tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na yote yanawezekana kabla ya muhula huu kwisha.

La kwanza ni letu. Kabla hujakaa kula, uliza: "Mama, shikamoo, una lipa namba?" Kama anayo, lipa hapo. Kama hana na una noti, mpe noti. Kutuma kwenye namba ya mtu kuwe njia ya mwisho. Mama akiulizwa swali hilo mara hamsini kwa siku, wiki ijayo kibandiko kitakuwepo.

La pili ni la serikali yetu ya wanafunzi. Kantini, steshenari na vibanda vilivyo ndani ya chuo vinafanya biashara kwa mkataba na chuo. Viongozi wetu waombe mkataba uwe na mistari mitatu: lipa namba ibandikwe wazi, bei ya noti na bei ya simu iwe moja, na noti isikataliwe. Mstari huo wa kati ndio wenye kazi. Kama muuzaji anaona gharama ya kupokea kwa simu ni kubwa, aiweke kwenye bei ya wote, tuijue na tuijadili, kuliko kuichomoa mfukoni mwa mmoja mmoja pale kaunta.

La tatu, mawakala wa mitandao wanakuja hapa kila mwanzo wa mwaka na mahema yao kusajili laini za mwaka wa kwanza. Waambiwe kabisa: mkitaka uwanja wetu, tengeni siku moja mkawasajili akina mama wa nje ya geti, muwaeleze makato kwa Kiswahili cha kawaida, na muwajibu kuhusu kodi badala ya kuwaachia uvumi. Tena msimsahau mwenye mkaa na mwenye nyanya, kwa sababu mama akiweza kuwalipa hao kwa simu, ya kutolea inakufa yenyewe.

La nne ni la sisi wa ualimu. Hesabu ya asilimia tunakwenda kuifundisha kwa mifano ya wafanyabiashara wa embe wasiokuwepo. Tufundishe kwa meseji ya muamala: kiasi, makato, salio. Mtoto wa darasa la saba anayejua kusoma mistari hiyo mitatu hataibiwa kirahisi, wala hatamwibia mama ntilie wake.

Kuna atakayesoma na kusema, 300 ni nini, mbona unaandika kurasa mbili. Jibu langu ni kwamba asilimia 6 ya hela ya kula si kitu kidogo kwa mtu ambaye wiki ya mwisho kabla ya bumu anakula mlo mmoja. Tunao hao humu, wengine ni marafiki zetu wa karibu na hawasemi. Kwao 63,000 si takwimu, ni siku sita za kushiba. Viongozi wetu wana kikao na uongozi wa chuo kabla ya mitihani. Hiyo mistari mitatu ya mkataba inaingia kwenye nusu karatasi, na mimi niko tayari kuiandika kwa mkono nikaipeleke ofisini kwao Jumatatu asubuhi.