Acheni Kuuziwa Spidi

Wasee, tuambiane ukweli. Ukiuliza kompyuta gani itaendesha mashine ya CNC, utaambiwa nunua lapi ya gemu, RAM kibao. Uongo! Mimi niliingia huo mtego. Lapi mpya, mota inashtuka-shtuka, mbao imeharibika.

Mashine haitaki spidi, inataka kushika saa. Mpigo mmoja ukichelewa, mota inaweza kupoteza hatua na kipande kimeenda. Ni kama mathree: ngoma na taa zitakusaidia nini kama haitoki steji kwa wakati?

So kabla utoe hata bob moja, weka LinuxCNC, ni ya bure. Washa latency-test, kisha isumbue kompyuta: fungua madirisha, nakili mafaili. Muda ukiyumba chini ya mikrosekunde 20, uko fiti. Ukipita 100, hiyo usiiachie kazi ya kutuma mipigo. Lakini usiitupe bado: ingia BIOS, zima mambo ya kuokoa umeme, pima tena.

Kompyuta kuukuu ya mezani inaweza kuishinda lapi yako. Sikuhitaji digrii kujua hii, nilihitaji tu muuzaji asinidanganye. Pima kwanza, lipa baadaye.