Wakitoka Kazini

Mwaka 1994 mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika duka la zamani mjini Blackburn, kaskazini mwa Uingereza, walikuta mapipa ya chuma katika chumba cha chini. Ndani yake mlikuwa na mikanda ya filamu ipatayo 800. Ilikuwa imepigwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kampuni ya Sagar Mitchell na James Kenyon, kisha ikasahauliwa humo kwa miongo kadhaa. Filamu nyingi kati ya hizo zinaonyesha kitu kilekile: lango la kiwanda linafunguliwa, wafanyakazi wanatoka.

Ilikuwa biashara tu. Wenye maonyesho ya viwanjani waliwaagiza mabwana hawa wapige sura nyingi kadiri wawezavyo, kwa kuwa kila sura ilikuwa tiketi. Mtu akishasikia kwamba yumo kwenye picha, atalipa aende kujiona, na atawavuta mama yake na majirani. Kwa hiyo kamera haikuchagua. Inampokea yeyote apitaye: wanawake waliojitanda shali, viatu vya mbao miguuni, wazee wenye masharubu, na watoto ambao sheria ya wakati huo iliwaruhusu kufanya kazi nusu siku na kusoma nusu iliyobaki. Mmoja anacheka, mwingine anajificha nyuma ya mwenzake. Wavulana wakishapita, huzunguka upesi ili waonekane tena.

Mvulana wa miaka 12 katika filamu ya mwaka 1901 alikuwa na miaka 27 mwaka 1916. Tarehe 1 Julai mwaka huo, siku ya kwanza ya vita vya mto Somme huko Ufaransa, kikosi cha vijana wa Accrington na miji jirani, Blackburn ikiwamo, kilipewa amri ya kutoka kwenye mahandaki karibu na kijiji cha Serre. Walikuwa watu wapatao 700. Katika muda wa nusu saa hivi, zaidi ya 500 kati yao walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Walikuwa wamejiandikisha pamoja kama walivyokuwa wakifanya kazi pamoja, na waliangamia hivyohivyo.

Agosti mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilitoa filamu ya vita hivyo, na inakadiriwa kuwa tiketi milioni 20 ziliuzwa katika majuma sita. Kipande kilichowaliza wengi, kile cha askari wanaoruka kutoka handakini na baadhi yao kuanguka, huaminika na wataalamu kuwa kiliigizwa mbali na mapigano. Kumbe picha ya msiba ilikuwa mchezo, na picha iliyopigwa kwa ajili ya kuchuma senti za walalahoi ndiyo iliyobeba watu wenyewe. Sisemi kwamba filamu za langoni hazikupangwa hata kidogo, maana mwenye maonyesho huonekana mara nyingine akiwasukuma watu wapite mbele ya lenzi. Lakini hakuna aliyewaambia wawe mashahidi wa jambo lolote.

Hoja yangu katika toleo hili imesimama hapo. Tumezoea kuwakumbuka marehemu kwa picha ya dakika yao ya mwisho, na dakika hiyo si yao. Ni ya bomu, ya moto, ya meli iliyopinduka. Kila Agosti televisheni zetu hurudia moshi wa Nairobi wa tarehe 7, mwaka 1998, pale penye makutano ya Barabara ya Haile Selassie na Barabara ya Moi: jengo la Ufundi lililoporomoka, vioo, damu, wanaume wakifukua vifusi. Mabomu yaliyolipuliwa siku hiyo kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi, na 11 Dar es Salaam. Wengi wao hawakuwa na lolote la kufanya na ubalozi wa Marekani. Walikuwa makarani, wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani mwao, abiria wa matatu, watu waliosikia mlipuko wa kwanza wakaenda dirishani kutazama. Majina yao yamechongwa katika bustani ya kumbukumbu. Tunajua walivyokufa. Walivyoshika simu, walivyotaniana wakati wa chai, aliyepiga taipu kwa vidole viwili na bado akawashinda wa vidole kumi, hayo yanajulikana na wachache tu, nao wanazeeka.

Najua jibu la wanaopinga: picha za maafa ni ushahidi, na pasipo ushahidi wenye hatia hujificha. Ni kweli, na mahakama izitunze. Ninachokataa ni kuzifanya tanzia.

Tuna sababu zaidi ya Waingereza ya kulijali jambo hili. Vita vilevile vilivyowameza vijana wa Accrington, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa pia huku Afrika Mashariki, kuanzia Taveta hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma, na vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Wanahistoria wengi hukadiria waliokufa upande wa Waingereza pekee kuwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara, njaa na homa. Sanamu za ukumbusho za mwaka 1927 na 1928, Dar es Salaam na Nairobi, zina maandishi yanayowaahidi kwamba watoto wao watakumbuka majina yao. Jina lenyewe halimo hata moja. Na hakuna aliyesimamisha kamera mbele ya kijana anayetoka shambani Ukambani au Usukuma kabla hajasombwa.

Hata filamu za Blackburn zina pengo. Hakuna aliyeandika nani ni nani. Tunaona meno ya mtu yakimetameta miaka mia moja na ushee baadaye na hatuwezi kumwita. Kosa hilo tunaweza kuliepuka leo, kwa gharama ya kalamu. Simu zetu zimejaa video za ofisini na karakana: sherehe ya kumuaga mhasibu, wapishi wakibishana kuhusu chumvi, zamu ya usiku ikiimba. Andikeni majina yote, pamoja na ya yule anayepita nyuma na ndoo, angali yupo wa kumtambua.

Msiba ukitokea, ombeni ruhusa ya familia kabla ya kurusha chochote. Halafu msiongeze kinanda cha huzuni, msipunguze mwendo, msizungushie uso wa mtu duara jekundu. Sisi tunajua yaliyofuata, naye hakujua, na ujuzi wetu hutufanya tuone dalili katika kila kicheko. Alikuwa anacheka kwa sababu mwenzake alikuwa amechekesha.

Katika kurasa zinazofuata, chini ya kila picha mtakuta jina, kazi na mahali, basi. Tulibishana sana kuhusu tarehe za vifo. Wenzangu wawili bado wanaona kuwa kuziacha ni kumficha msomaji jambo, na hoja yao imechapwa kwa ukamilifu katika ukurasa wa barua.