Mambo ya Jikoni: Madonge ya Keki Yaliyovikwa Chokoleti

Kila mama wa nyumba ajua kwamba keki ya sikukuu haiishi siku ile ile. Siku ya tatu huwa imekauka, watoto hawaitaki, na mara nyingi mwisho wake ni kutupiwa kuku. Huko Denmark waokaji hawaikubali hasara hiyo. Mabaki ya keki huvunjwavunjwa, huchanganywa na jamu na kakao, hufinyangwa madonge, na kuuzwa kwa jina la romkugle, maana yake donge la ramu. Siku hizi mara nyingi hutiwa harufu ya ramu tu. Nasi twaona maji ya chungwa yafaa zaidi katika nyumba yenye watoto.

Basi twaa keki kavu gramu 300, isiyo na krimu wala ukungu, uifikiche kwa vidole mpaka iwe kama chenga. Tia kakao kijiko 1 cha mezani na jamu vijiko 3, kisha maji ya chungwa kidogo kidogo, kwa kuwa keki hazilingani kwa ukavu. Ukiifumbata ikashikana bila kunata mkononi, imetosha. Finyanga madonge kiasi cha ndimu ndogo, yapata 24, uyaweke mahali pa baridi muda wa saa moja.

Sasa yaja kazi yenyewe, nayo huwashinda wengi. Chokoleti gramu 200 si kitu cha bei nafuu, na matone machache ya maji yaweza kuiharibu yote. Sababu ni hii: chokoleti ni chembechembe za kakao na sukari zilizomo ndani ya mafuta. Maji kidogo yakiingia, sukari hulowa, chembe hushikamana, na yote hugeuka kuwa donge gumu lisilopakika. (Mwalimu wa upishi yafaa awaonyeshe wanafunzi jambo hili kwa kijiko kimoja tu cha chokoleti, hawatalisahau.)

Kwa hiyo kausha bakuli, mwiko na mikono. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, maji yasiliguse wala yasitokote, maana mvuke nao ni maji. Katakata chokoleti, utie theluthi mbili kwanza. Ikiisha kuyeyuka, epua, pangusa chini ya bakuli, utie theluthi iliyobaki, ukoroge polepole mpaka ipoe. Hivyo itaganda vizuri na kung'aa. Nayo iliyokwisha kuingia maji usiitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja mpaka ilainike, uimimine juu ya keki nyingine.

Donge likiwa baridi mno, gamba lake litapasuka. Lipumzishe nje kidogo kwanza. Lichovye kwa uma, gonga uma taratibu ukingoni mwa bakuli, ulilaze juu ya karatasi ya kuokea.

Kwa wasomaji wa pwani twaongeza neno. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na digrii 34, ndiyo maana chokoleti huyeyuka kinywani. Na katika Mombasa au Dar es Salaam, mwezi wa Februari, hulainika mezani vile vile. Asiye na friji asijisumbue na chokoleti. Na ayaviringishe madonge katika nazi iliyokunwa na kukaushwa, kama wenyeji wa Denmark nao wafanyavyo, ayale siku ile ile au kesho yake. Yaliyovikwa chokoleti hukaa siku 4 ndani ya friji, katika chombo chenye kifuniko.