Beki hana jina mpaka akosee

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nyumbani Ifakara, kule Katindiuka kwa mama mkubwa. Nilikwenda kupumzika na kula wali mpya, nimerudi na swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo nimeona nilitue hapa.

Aliyeniuliza ni binti wa dada yangu, ana miaka 13. Jioni anacheza chandimu na wavulana kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza nilisimama kumtazama. Hafungi kabisa. Anakaa nyuma, anaangalia mpira unakoelekea, anafika kabla ya mwenzake na kuuondoa. Muda wote niliosimama pale upande wake haukufungwa. Tulipokuwa tunarudi ndani akasema, "Mjomba, wewe si unaandika habari za mpira? Hivi beki naye anaweza kufika mbali?"

Nikajibu haraka haraka kwamba anaweza.

"Kama nani?"

Hapo ndipo mwandishi wenu alipoanza kubabaika. Nikamtajia Aisha Masaka, aliyetoka Häcken ya Sweden na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Nikamtajia Clara Luvanga, aliyesajiliwa na Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Nikamalizia na Opah Clement, aliyechezea Beşiktaş ya Uturuki. Mtoto akacheka. "Mjomba, hao wote si mastraika?"

Aliyeniokoa ni mama yake, aliyekuwa barazani anapepeta mchele. Hata hakuinua uso. "Mwambie Sophia Mwasikili."

Kwa ambao mlikuwa wadogo: Sophia Mwasikili ni beki aliyekuwa nahodha wa Twiga Stars miaka ile. Kabla Ulaya haijaanza kuzoea majina ya mabinti wetu, yeye alikwenda kucheza soka la kulipwa kwenye klabu ya mji wa Lüleburgaz, Uturuki. Yaani zaidi ya miaka kumi kabla ya Opah kuivaa jezi ya Beşiktaş, beki wa Kitanzania alishafika nchi ile ile. Na mimi ninayejiita mwandishi wa michezo sikumkumbuka. Alimkumbuka mama wa Katindiuka mwenye ungo mkononi.

Dada alimkumbuka kwa sababu naye alikuwa beki. Alicheza UMISSETA akiwa sekondari, namba nne, na wenzake walikuwa wakimwita "geti". Alipomaliza kidato cha nne, mpira nao ukaisha. Hakuumia na hakufukuzwa. Kilichokosekana kilikuwa mahali pa kwenda tu. Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara ilianza mwaka 2016, na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Kufikia wakati huo dada alikuwa na mtoto na shamba la mpunga.

Sasa jiulize kidogo. Mwaka 2010 Twiga Stars walizitoa Ethiopia na Eritrea wakafuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Kule Afrika Kusini walifungwa 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali na 3-0 na Nigeria. Mabao manane yaliingia, pointi hawakupata hata moja. Mijadala ya baada ya pale naikumbuka kutoka redio ya mama mkubwa: mabeki wabovu, mabeki wanakatika. Lakini mabeki hao walitoka kwenye nchi isiyokuwa na ligi ya taifa ya wanawake! Straika anaweza kuzaliwa mtaani na kufunga kwa kipaji chake peke yake. Safu ya ulinzi inatengenezwa kwa kucheza pamoja wiki baada ya wiki, mpaka huyu ajue mwenzake anapanda lini na anabaki lini. Tuliwanyima wiki hizo, halafu tukawalaumu.

Angalia kilichotokea ligi ilipokuwepo. Oktoba 2021 Twiga Stars walichukua Kombe la COSAFA kwa kuifunga Malawi 1-0, na Enekia Kasonga akawa shujaa. Alistahili. Lakini bao moja linatosha kombe pale tu nyuma wanapokataa kufungwa. Julai 2025, kwenye fainali za Afrika Morocco, walifungwa 1-0 na Mali, wakatoka 1-1 na Afrika Kusini na kufungwa 4-1 na Ghana. Ile sare ndiyo pointi yetu ya kwanza kwenye fainali hizo. Bao letu alifunga Opah. La Afrika Kusini alisawazisha Bambanani Mbane, ambaye ni beki. Mnaona? Beki naye anaandikwa, mradi amefunga.

Niliporudi Dar nikafungua ripoti zangu mwenyewe. Nimeandika mechi kumi na moja za ligi ya wanawake. Mabeki niliowataja kwa jina ni watatu: mmoja alijifunga, mmoja alipewa kadi nyekundu, mmoja alipiga penalti. Basi. Mechi kumi na moja, na kwa mujibu wangu mimi hakuna beki hata mmoja aliyewahi kufanya kazi yake vizuri. Nimeona aibu.

Najua wenzangu wa dawati la michezo watasema msomaji anataka mabao, na nafasi gazetini ni finyu. Sawa, mabao tutaendelea kuyaandika. Lakini maisha ya mchezaji yanategemea jina. Wakala, kocha wa klabu kubwa, hata mzazi anayefikiria kumruhusu binti yake aende majaribio, wote wanaanza kwa kuuliza huyu ni nani. Straika ana idadi ya mabao ya kuonyesha. Beki ana nini, kama sisi tuliokuwepo uwanjani hatukuandika?

Kule bondeni mpunga ukianza kukomaa, watoto huenda shambani kuwinga ndege. Wanashinda juani na manati, wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Siku ya mavuno watu wanahesabu magunia, lakini hakuna mama wa Katindiuka atakayesahau kumpa chakula mtoto aliyewinga. Wanajua magunia yametoka wapi.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Kila ripoti nitakayoandika itataja angalau beki mmoja na alichokizuia: dakika gani, dhidi ya nani. Wenye klabu nao wakienda UMISSETA kutafuta vipaji, wasimtazame mfungaji bora peke yake. Wawaulize na washambuliaji, ni beki gani aliwanyima usingizi. Wao wanamjua.

Yule binti nimemtumia njumu kwa basi. Jana kanipigia kwa simu ya mama yake: zimembana kidogo, lakini anazivaa hivyo hivyo. Akaniuliza kama nimeshaandika habari ya mabeki. Nimemwambia ndiyo, naandika leo.

Na wewe, ukiondoa kipa na wafungaji, unaweza kunitajia mabeki wawili wa Twiga Stars bila kumuuliza mtu?